Unakwenda kijijini Taveuni, Fiji? Maswali na majibu kuhusu afya

Taveuni ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa nchini Fiji: milima, misitu, maporomoko ya Bouma, na vijiji vitulivu ambako mgeni huonekana tangu anaposhuka garini.

Je, nimeze dawa za kuzuia malaria?

Kwa Fiji, hapana. Mbu aina ya Anofelesi, wanaoeneza malaria, hawapo huko. Ukipitia Vanuatu, Visiwa vya Solomon au Papua New Guinea jibu linabadilika, maana huko malaria ipo.

Ila wasafiri wetu wengi husahau kwamba vimelea wanaweza kuwa wametoka navyo nyumbani. Aliyeumwa na mbu Tanga au Kisumu wiki moja kabla ya safari anaweza kupandwa na homa akiwa Taveuni, na daktari wa kule huenda asiwaze malaria haraka. Mwambie mwenyewe ulikotoka, na uombe upimwe damu. Hospitali ya kisiwa iko Waiyevo. Kubwa zaidi ziko Labasa, kisiwa cha jirani, na mji mkuu Suva.

Kama malaria haipo, mbu wana shida gani?

Wanaeneza dengi, ile tuliyoizoea kwa jina la kidingapopo. Mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikukingi. Vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Ukipata homa, maumivu nyuma ya macho na ya viungo, tumia paracetamol. Usiguse aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu.

Naweza kuoga kwenye maporomoko?

Siku za jua, oga. Baada ya mvua kubwa, maji yakigeuka rangi ya udongo, acha. Mkojo wa panya, ng'ombe na nguruwe husombwa hadi mtoni ukiwa na vijidudu vya leptospirosisi, ambavyo huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Ndio ugonjwa uliozuka Ruangwa, Lindi, mwaka 2022 tukauita homa ya mgunda. Fiji nayo ilipata mlipuko baada ya mafuriko ya 2012. Dalili huanza kwa kawaida siku 5 hadi 14 baadaye: homa, kichwa, misuli ya miguu kuuma, macho kuwa mekundu. Antibiotiki hutibu vizuri ikiwahiwa, kwa hiyo mtajie daktari kwamba uliogelea mtoni.

Na samaki wao?

Kula, lakini epuka chewa wakubwa, mzia na mkunga wa kwenye miamba ya matumbawe. Sumu ya sigwatera hujikusanya ndani yao, na haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Dalili yake ya ajabu ni kuhisi kitu cha baridi kama kinaunguza.

Nina kikohozi kidogo. Bado niende kijijini?

Usiende. Hili ndilo swali ambalo ningependa kila msafiri ajiulize kabla ya mengine yote.

Mwaka 1875 surua iliingia Fiji kwa meli iliyomrudisha chifu mkuu Cakobau na wenzake kutoka Sydney, ikaua watu wanaokadiriwa kufikia 40,000. Novemba 1918 meli Talune ilipeleka mafua makali Samoa, visiwa jirani na Fiji, yakaua takriban mtu mmoja kati ya kila watano. Na tusidhani ni habari za kale: mwaka 2019 surua iliua watu 83 Samoa, wengi wao watoto wadogo.

Hakikisha una dozi mbili za chanjo ya surua, ya mwisho angalau wiki mbili kabla ya kuondoka. Ukitoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, beba pia kadi ya chanjo hiyo, Fiji huidai.

Kijijini utafika na mizizi ya kava, mmea unaotengenezewa kinywaji, mkononi, zawadi ya kuomba ruhusa iitwayo sevusevu. Kisha mtaketi mkekani na kifuu kimoja cha kinywaji hicho kitazunguka midomo yote, ya wazee na ya vijana. Ukiamka siku hiyo una homa au unakohoa, mpigie mwenyeji wako simu umweleze. Atakupangia siku nyingine.