Risasi mbili kichochoroni: kila Batman na kifo cha wazazi wake

Mwezi uliopita nilikuwa nahariri tamthilia ambayo ndani yake mtoto wa miaka tisa anarudi kutoka dukani, mfuko wa maandazi mkononi, na kumkuta baba yake anakata roho mlangoni. Nimekaa kwenye kiti cha uhariri miaka kumi na minne, na bado onyesho lile lilinishinda. Nililikata mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Kila nikilitazama, kifo kipo, damu ipo, kilio kipo, lakini mtoto hayupo. Usiku wa tatu niliweka kazi pembeni, nikazitoa filamu zangu zote za Batman na kuanza kutazama onyesho moja tu: usiku ambao baba na mama wa Bruce Wayne, mtoto atakayekua na kuwa Batman, wanapigwa risasi kichochoroni.

Kwa mhariri, onyesho hili ni darasa adimu. Viungo havibadiliki: baba, mama, mtoto, kichochoro, bastola, mkufu wa lulu. Kinachobadilika ni mapishi. Na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba tofauti kati ya Batman mmoja na mwingine, ile ambayo mashabiki huitafuta kwenye vazi, gari au sauti nzito, huwa imeshaamuliwa hapa. Ukijua nani ameshika bastola, onyesho limewekwa sehemu gani ya filamu, na kamera imesimama upande wa nani, umeshajua filamu nzima inakwenda wapi.

Hata kwenye vitabu vya katuni, kichochoro hakikuwapo tangu mwanzo. Bob Kane na Bill Finger walimleta Batman Mei 1939 katika toleo la 27 la Detective Comics, bila kueleza kwa nini tajiri avae kama popo. Maelezo yalikuja Novemba mwaka huohuo, toleo la 33, katika kurasa mbili tu: familia inatoka sinema, jambazi anatokea, wazazi wanakufa, mtoto anakula kiapo kando ya kitanda chake. Muuaji alipewa jina, Joe Chill, mwaka 1948. Lulu zinazomwagika, ambazo leo tunaziona kama sehemu ya lazima, zilitoka kwenye kalamu ya Frank Miller mwaka 1986.

Na Batman aliingia sinema kabla kichochoro chake hakijaingia. Mwaka 1943 studio ya Columbia ilitoa filamu ya mfululizo yenye sehemu 15, Lewis Wilson akiwa ndani ya vazi. Pale Batman ni wakala wa siri wa serikali anayepambana na jasusi wa Kijapani, maana vita ilikuwa imepamba moto. Mwaka 1966 akaja Adam West, mchana kweupe, na kopo la dawa ya kufukuzia papa. Nazipenda zote mbili, lakini unachokiona ndani yake ni mtu mwenye kazi. Jeraha halipo.

Jeraha lilikuja na Tim Burton mwaka 1989, na namna alivyolileta bado inanisisimua. Filamu ile ilihaririwa na Ray Lovejoy, aliyekata 2001: A Space Odyssey na The Shining za Stanley Kubrick, na inaanza kwa hila. Baba, mama na mtoto wa kiume wamepotea njia usiku katika jiji la Gotham. Wana ramani, teksi hawapati, wanakata kichochoroni. Majambazi wanatokea, baba anapigwa, mama anapiga kelele. Kila aliyewahi kusoma katuni anajiambia ndio hawa, akina Wayne. Kisha majambazi wanapanda juu ya paa kugawana walichokipata, na Batman anawashukia, mtu mzima tayari. Familia ile ilikuwa ya watu wengine kabisa. Kwa dakika chache Burton ametuonyesha kwamba kichochoro cha Bruce hakikufungwa. Kila usiku kuna mtoto mwingine anapita humo.

Kifo chenyewe kinakuja baadaye sana, filamu ikiwa imeshakwenda mbali, kwa mbinu ambayo wanafunzi wa fasihi wanaijua kama kisengerenyuma. Bruce wa Michael Keaton anakumbuka. Familia inatoka sinema, mtoto ana mfuko wa bisi, vijana wawili wanawafuata. Bisi zinamwagika chini. Mmoja wa wale vijana anamwelekezea mtoto mtutu na kumuuliza swali la ajabu kuhusu kucheza na shetani kwenye mwanga wa mwezi, na swali hilohilo tumeshalisikia kutoka kwa Joker, adui wa Batman katika filamu hii. Hapo ndipo Bruce, nasi pamoja naye, tunaelewa kwamba kijana yule ndiye Jack Napier, aliyekuja kuwa Joker.

Kiufundi ni kazi safi. Swali limepandwa mapema, jibu limevunwa kwa wakati wake. Lakini sijawahi kukubaliana na uamuzi wenyewe. Joker akishakuwa ndiye muuaji, jiji zima linasinyaa na kuwa ugomvi wa watu wawili: wewe uliua wazazi wangu, mimi nilikutumbukiza kwenye kemikali. Akidondoka kutoka kwenye mnara wa kanisa, hesabu imefungwa. Batman wa 1989 ni mtu aliyelipa kisasi, na ukimfikiria kwa undani hana sababu ya kuvaa vazi lile siku ya pili yake.

Joel Schumacher, katika Batman Forever ya 1995, aliligawa onyesho vipandevipande: Val Kilmer anaandamwa na kumbukumbu za msiba na kitabu cha kumbukumbu cha baba yake. Wazo lilikuwa zuri, ila limezungukwa na rangi na kelele kiasi kwamba halipati pumzi.

Iliyonipa pumzi ni ya kuchora. Mask of the Phantasm, iliyoongozwa na Eric Radomski na Bruce Timm na kutoka mwaka 1993, haina kichochoro wala risasi. Ina kaburi, mvua, na kijana aliyepiga magoti. Bruce amempenda mwanamke, na maumivu yamepungua. Anawaomba marehemu wazazi wake wamfungue kutoka kwenye kiapo, kwa sababu alipokula kiapo kile hakutegemea kwamba siku moja angekuwa na furaha. Anayesema ni Kevin Conroy, kwa sauti tu, maana uso ni mistari ya penseli. Nimelitazama mara nyingi na bado linanikaba koo. Kifo hakijaonekana kabisa, na uzito wake wote umo pale.

Kisha mwaka 2005 ikaja Batman Begins, ya mwongozaji Christopher Nolan na mhariri wake Lee Smith. Hapa naomba niende taratibu, kwa sababu naamini kati ya vichochoro vyote vilivyopigwa picha, hiki ndicho kilichojengwa vizuri kuliko vyote.

Kwanza, kinaanza kabla ya kichochoro. Mtoto ametumbukia kisimani, popo wamemrukia, baba ameshuka kwa kamba kumtoa. Baadaye familia inakwenda kutazama opera badala ya sinema. Jukwaani wanatokea waigizaji waliovaa kama viumbe wa usiku, na mtoto anawaona popo. Anabanwa na hofu, anamwomba baba waondoke. Baba anainuka bila kuuliza mengi, na nje anamwambia mama kwamba ni yeye ndiye aliyehitaji hewa. Kwa sentensi moja amemfichia mwanawe aibu. Tazama jinsi upendo unavyofungua mlango wa mauti: laiti baba angekuwa mkali kidogo, wangebaki ndani.

Kichochoroni anatokea Joe Chill, na huyu si jitu la kutisha. Anatetemeka kuliko anaowaibia. Baba anampa pochi kwa utulivu, kama daktari anayetuliza mgonjwa. Mkono wa jambazi unaelekea kwa mama, baba anajitia katikati, bastola inalia. Inalia tena. Hakuna muziki mkubwa wa kutuambia tuhisi nini, hakuna lulu zinazoelea angani. Mambo yanakwisha haraka, kama mambo ya namna hiyo yanavyokwisha kweli. Halafu Smith anatulia kwa baba anayekufa, na maneno ya mwisho ya baba ni kumwambia mtoto asiogope.

Filamu yote inayofuata ni mtu mzima anayejaribu kulitii neno lile. Ndiyo maana adui wake ni Scarecrow, mwenye gesi ya kutia watu hofu. Ndiyo maana mtoto anamwambia Alfred, mtumishi wa nyumbani kwao, kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyewatoa ndani. Na Nolan anaikata njia ambayo Burton aliiacha wazi: Bruce akishakuwa kijana anakwenda mahakamani na bastola ili amuue Chill, na mtu mwingine anamwahi. Kisasi kinatoweka mbele ya macho yake. Kinachobaki mkononi ni bastola isiyo na kazi, na anaitupa majini. Batman wa Christian Bale anazaliwa pale, akiwa hana mtu wa kumlipiza.

Mwaka 2016 Zack Snyder alifungua Batman v Superman kwa onyesho hilohilo, likiwa limefumwa na mazishi, majina ya waigizaji yakipita juu yake na sauti ya Bruce mtu mzima ikisimulia. Kila kitu kinakwenda polepole mno. Baba anakunja ngumi. Bastola inanasa kwenye mkufu, mlio unatoka, uzi unakatika, lulu zinatawanyika moja moja. Kwa uzuri wa picha hakuna anayelifikia. Lakini ni uzuri wa mchoro wa ukutani kanisani: unausujudia, huingii ndani yake. Shoti ninayoiheshimu zaidi pale ni ya karibu, midomo ya baba ikitamka jina la mke wake, Martha. Wengi waliicheka filamu hii kwa sababu jina hilo ndilo linalomzuia Batman asimuue Superman, ambaye mama yake naye anaitwa Martha. Mimi siicheki. Mhariri David Brenner alipewa mbegu sahihi na akaipanda mahali sahihi, dakika za mwanzo kabisa. Tatizo ni filamu ndefu iliyojaa mambo mengine kati ya midomo ile na pigano lile. Mtazamaji alipofika hakukumbuka tena kwamba jina lile lilikuwa pumzi ya mwisho ya mtu.

Joker ya 2019 si filamu ya Batman, ila kichochoro kimo, karibu na mwisho. Todd Phillips anakiingiza katikati ya ghasia za jiji, na anayefyatua ni mwandamanaji aliyevaa kinyago. Kwa mara ya kwanza muuaji anajua anamuua nani na kwa nini. Tunamwona mtoto amesimama kati ya miili miwili, na hatumfuati. Nilibaki nimeikasirikia shoti ile kwa siku kadhaa, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Halafu Matt Reeves, mwaka 2022, akafanya jambo nililokuwa nikilitafuta bila kujua. The Batman ina dakika 176 na katika hizo zote hatuoni kichochoro. Wazazi wa Bruce wameshakufa zamani, na filamu inakataa hata kutuhakikishia nani aliwaua. Falcone, bosi wa genge la wahalifu, anasema lake, Alfred anasema huenda alikuwa jambazi tu asiye na jina. Badala ya kumbukumbu, Reeves na wahariri wake William Hoy na Tyler Nelson wanatupa mtoto mwingine. Filamu inaanza kwa darubini ya muuaji ikichungulia nyumba ya meya usiku wa Halloween. Mtoto wa meya amevaa mavazi ya kuchezea, yuko na baba yake. Muda mfupi baadaye meya ameuawa, na mtoto ndiye aliyemkuta. Batman wa Robert Pattinson anafika, nyumba imejaa polisi, na anamwona yule mtoto amekaa. Wanatazamana. Mkato mmoja kwenda, mkato mmoja kurudi, hakuna neno. Kila kitu ambacho wenzake walikipiga picha kwa mvua, lulu na baruti kimo katika mikato ile miwili.

Anamwona tena kwenye mazishi, gari linapovurumishwa ndani, na anaruka kumwokoa akiwa Bruce, bila kinyago. Na mwishoni, jiji limefurika maji, watu wamenasa gizani na wanamwogopa anayewanyooshea mkono. Wa kwanza kuupokea ni mtoto yule.

Nilizima kompyuta karibu saa kumi alfajiri. Kulipokucha nilirudi kwenye onyesho langu nikaondoa shoti ya mwili, nikaondoa damu, nikapunguza kilio hadi kikasikika kama kinatoka nyumba ya jirani. Nikabakiza mkono wa mtoto ulioshika mfuko wa maandazi. Burton aliziacha bisi zimwagike. Mimi mfuko sikuuacha udondoke. Mtoto ameushika vilevile, kwa sekunde tisa, kwa sababu alitumwa na baba na bado hajaukabidhi.

Mwongozaji aliitazama mara mbili, akaniuliza mwili uko wapi. Nikamwomba aitazame mara ya tatu.