"Nina Amani Nalo": Dhana Potofu Kuhusu Uongozi wa Mungu na Utii

Kwa miaka ambayo nimekaa na vijana wa kanisa, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko hii: "Nimeliombea, na nina amani nalo." Iwe kazi, uchumba, safari ya Uarabuni au mkopo wa bodaboda, amani ikishatajwa mazungumzo yamekwisha. Nani atabishana na amani ya mwenzake?

Basi fungua kitabu cha Yona. Ametumwa Ninawi, naye amelipa nauli ya Tarshishi. Dhoruba imevuma, mabaharia wanatupa shehena baharini na kila mmoja anamlilia mungu wake. Nabii yuko chini ndani ya merikebu, kalala fofofo. Katika chombo kile chote, aliyetulia kuliko wengine ndiye aliyekuwa anamkimbia Mungu. Kisha nenda Gethsemane. Mwana mwenyewe yuko katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na Luka anaandika kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu yakidondoka nchini. Kwa kipimo chetu cha "sina amani nalo", asingefika msalabani. Amani ya Kristo ipo, nimeionja. Ila kuna utulivu mwingine unaomjia mtu kwa sababu tu ameshaamua kufanya alichokuwa anakitaka, nao kwa ndani unafanana sana na ule wa kweli.

Dhana nyingine inatembea bega kwa bega na hiyo: mlango ukifunguka ni Mungu, ukifungwa ni shetani, na ukiwa ndani ya mapenzi ya Mungu mambo yataenda laini. Hapa naomba tukae kidogo na Matendo ya Mitume sura ya 16, maana sijui mahali pengine ambapo uongozi wa Mungu umeonyeshwa hatua kwa hatua namna ile.

Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia, yaani lile jimbo la Kirumi ambalo leo liko magharibi mwa Uturuki. Roho Mtakatifu anawakataza. Wanajaribu kwenda Bithinia. Roho wa Yesu hawapi ruhusa. Milango miwili imefungwa, na aliyeifunga ni Mungu. Angalia pia kwamba hawakukaa Galatia wakingoja sauti. Waliendelea kutembea, wakijaribu, wakizuiwa, hadi wakafika Troa, pwani, mahali ambapo nchi imeisha na mbele ni bahari. Hapo ndipo Paulo anapoona maono usiku: mtu wa Makedonia amesimama, anamsihi avuke awasaidie.

Hata baada ya maono, Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anasema "sisi". Paulo aliwasimulia wenzake, wakapata hakika pamoja kwamba Mungu amewaita. Neno la Kigiriki alilolitumia lina maana ya kuunganisha mambo, kuweka hili na hili pamoja mpaka likaeleweka. Maono yalikuja, na bado akili na ushauri vilikuwa na kazi ya kufanya.

Wakavuka. Je, mambo yakawa laini? Mtu yule wa kwenye maono hatajwi tena. Waliowakuta Filipi ni wanawake kando ya mto, siku ya sabato, na wa kwanza kufunguliwa moyo ni Lidia, mfanyabiashara wa zambarau kutoka Thiatira. Thiatira iko wapi? Katika jimbo lile lile la Asia walilokatazwa! Muda si mrefu Paulo na Sila wanapigwa kwa bakora, wanatupwa chumba cha ndani gerezani, miguu kwenye mkatale. Walikuwa wamekosea njia? Walikuwa palepale walipotumwa. Na miaka iliyofuata Paulo alikaa Efeso, mji mkuu wa Asia, akafundisha miaka miwili mpaka wakaaji wote wa jimbo hilo wakalisikia neno. Katazo la kwanza lilikuwa na wakati wake.

Kuhusu Yeremia 29:11, mstari tunaouandika kwenye kadi za mahafali na kwenye vioo vya daladala, nitasema kwa kifupi. Ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari unaoutangulia unawaambia watakaa huko miaka 70. Nabii Hanania alikuwa amewaahidi miaka miwili tu. Watu waliipenda zaidi ahadi ya Hanania, kama ambavyo tungeipenda sisi. Utii ulioagizwa kwenye barua ile ni jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliochukuliwa mateka.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii: kumtii mtumishi wa Mungu ni kumtii Mungu, na kumhoji ni kumgusa mpakwa mafuta. Mabinti wameolewa kwa sababu mchungaji "ameoneshwa". Wagonjwa wameacha dawa za shinikizo la damu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto pia, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya wakubwa kuingia humo kwa jina la imani. Siwezi kuandika juu ya utii nikaruka msitu ule.

Biblia yenyewe ilituonya mapema. Katika 1 Wafalme 13, mtu wa Mungu kutoka Yuda ameagizwa asile mkate wala kunywa maji Betheli. Nabii mzee anamfuata barabarani, anamwambia malaika amesema naye, rudi ule. Andiko linaongeza mara moja kwamba alimdanganya. Mtu wa Mungu akala, na alipoondoka simba akamuua njiani. Mvi za yule mzee, cheo chake na malaika wake havikumwokoa aliyeliacha neno alilopewa mwenyewe. Ndiyo maana Paulo, baada ya kuwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, anaongeza kwa pumzi hiyo hiyo: jaribuni mambo yote. Watu wa Beroya waliyachunguza mahubiri ya Paulo kwa Maandiko kila siku, na Luka akawasifu kwa hilo.

Wengi pia hudhani utii wa kweli ni wa mambo makubwa, kuacha kazi na kwenda misheni. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya ulijulikana kwa jambo dogo zaidi: watu walirudisha walichoiba. Bibi yangu wa Bukoba alikuwa binti mdogo asubuhi moja jirani aliposimama mlangoni kwao na jembe lisilo na mpini, limeliwa na kutu, amelishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto. Akasema, "Ni lenu. Nililichukua mwaka wa njaa." Baba yake bibi alilipokea, akaligeuza, kisha akamwambia aingie ndani anywe uji.