Tambi baridi za Sichuan na mchuzi wa ufuta

Wengi wanaoniuliza kuhusu liangmian, tambi baridi zinazopendwa sana mkoani Sichuan, China, wakati wa joto, huanza na orodha ya viungo, ilhali kwa maoni yangu uzuri wa chakula hiki hutegemea zaidi maji: tambi zilizokwisha kuiva hazipaswi kuyaona tena, na mchuzi hauwezi kuwa mchuzi bila hayo.

Tambi zinazofaa ni zile za ngano zilizotiwa magadi, ambayo huzipa umanjano na ukakamavu wa kustahimili kupoa. Zichemshe katika maji mengi, uziepue zingali ngumu kidogo ndani, kwani joto lililobaki litamalizia kazi. Kuzisuuza kwa maji baridi huzipoza upesi, lakini maji yanayobaki juu yake huuzuia mchuzi kushika na kuuzimua bakulini. Wapishi wa Sichuan huzitandaza kwenye sinia pana, huzipaka mafuta, kisha huziinua na kuziachia kwa vijiti mbele ya feni mpaka zipoe na kuachana.

Msingi wa mchuzi ni zhimajiang, ufuta uliokaangwa vizuri ukasagwa hadi kuwa rojo zito la kahawia. Tahini ya Waarabu huwa nyeupe zaidi na harufu yake ni hafifu, kwa sababu ufuta wake kwa kawaida hukobolewa na kukaangwa kidogo tu, kwa hiyo anayeitumia aiongezee siagi ya karanga isiyo na sukari. Msomaji aliye Tanzania, nchi ambayo ufuta wake mwingi hununuliwa na China yenyewe, hana haja ya kutafuta chupa ya dukani: akaange ufuta wa Lindi au Mtwara kwa moto mdogo hadi unukie, kisha ausage ungali na joto.

Kwa watu wanne mimi hutumia vijiko vikubwa 4 vya rojo hilo na kuongeza maji ya uvuguvugu kijiko kimoja kimoja. Mwanzoni rojo litakaza na kukatikakatika, jambo linalowafanya wengi walitupe wakidhani limeharibika, kumbe maji machache yamezifanya chembe za ufuta zishikamane ndani ya mafuta yake. Endelea kukoroga na kuongeza maji. Baada ya vijiko vichache litalegea, liwe laini na lenye rangi iliyofifia. Hapo tia vijiko vikubwa 2 vya sosi ya soya, kimoja cha siki nyeusi, sukari, na kitunguu saumu kilichopondwa.

Mafuta ya pilipili na unga wa huajiao, kiungo kinachotia ganzi ulimi, huja mwisho, pamoja na tango lililokatwa vipande vyembamba. Changanya wakati wa kula tu, kwa sababu tambi hufyonza mchuzi na katika muda mfupi huwa kavu.