Je, wajua kwa nini watu hulipia picha ambayo kila mtu anaweza kuipakua bure?

Tarehe 11 Machi 2021, jumba la mnada la Christie's liliuza faili moja la kompyuta kwa dola milioni 69.3. Ndani ya faili hilo mlikuwa na picha 5,000 zilizopangwa pamoja, kazi ya Mmarekani Mike Winkelmann, maarufu kama Beeple, ambaye tangu Mei 2007 alikuwa akitengeneza picha moja kila siku bila kuruka. Siku hiyohiyo, mtu yeyote mwenye simu angeweza kuipakua picha hiyo bila kulipa chochote. Je, yule aliyetoa mamilioni alinunua nini?

Alinunua mstari kwenye daftari. Daftari lenyewe ni la kidijitali, huitwa blokicheni, na nakala zake zimetawanywa kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kila ukurasa mpya hubeba alama ya kihisabati ya ukurasa uliotangulia, hivyo anayetaka kughushi mstari wa zamani atalazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata, huku wenye nakala nyingine wakimwona. Kwenye daftari hilo huandikwa tokeni, yaani kumbukumbu ya kidijitali inayoonyesha nani anamiliki kitu fulani. Noti ya dola kumi ukibadilishana na mwenzako kwa noti nyingine ya dola kumi, hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Tokeni hizi kila moja ina namba yake na haina pacha, ndiyo maana zikaitwa tokeni zisizobadilishika, kwa kifupi NFT.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawakuelezwa vizuri ni kwamba mara nyingi picha yenyewe haimo daftarini. Kuandika humo ni ghali, kwa hiyo tokeni nyingi hubeba kiungo tu kinachoelekeza mahali picha ilipohifadhiwa. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka Novemba 2022, baadhi ya waliokuwa wamenunua kwake walikuta tokeni zao zipo salama lakini picha hazionekani tena, kwa kuwa viungo vilielekea kwenye tovuti ya kampuni iliyofilisika. Hakimiliki nayo hubaki kwa msanii, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Kumiliki tokeni hakukupi ruhusa ya kuchapa picha hiyo kwenye fulana ukaziuza. Kwa maoni yangu, hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila tangazo la mauzo.

Basi thamani hutoka wapi? Kwa wakusanyaji, asili ya kitu imekuwa na uzito tangu zamani. Stempu kuukuu ya posta ni kipande cha karatasi na gundi, ila kina historia. Mwaka 2017 kampuni ya Larva Labs ilitengeneza nyuso 10,000 ziitwazo CryptoPunks, kila moja ya pikseli 24 kwa 24, na nyingi kati ya hizo zikagawiwa bure. Juni 2021 mojawapo iliuzwa katika jumba la mnada la Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni 11. Watu walilipia ukaribu na mwanzo wa jambo, na idadi iliyofungwa isiyoongezeka. Lakini uadimu peke yake hautoshi. Ujumbe wa kwanza kabisa wa Twitter, ulioandikwa na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wake, uliuzwa kama tokeni mwaka 2021 kwa dola milioni 2.9. Mwaka uliofuata mwenye nayo alipotaka kuiuza kwa dola milioni 48, zabuni zilizoletwa hazikukaribia hata kidogo bei aliyonunulia. Tokeni ilikuwa ileile moja duniani; waliokuwa wakiitaka ndio waliokuwa wameondoka.

Katikati ya anguko hilo la soko la NFT, Agosti 2022, programu ya akili mnemba ya Stable Diffusion ilitolewa ili yeyote aitumie. Akili mnemba ya aina hii hufunzwa kwa kuonyeshwa picha zilizovurugwa kwa chengachenga, kidogo hadi nyingi, ikajifunza kuziondoa. Ikishaijua kazi hiyo, huweza kuanza na chengachenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi itokee picha inayolingana na maneno uliyoandika. Chanzo cha mafunzo kilikuwa LAION-5B, mkusanyiko wa viungo vya picha bilioni 5.85 vyenye maelezo, vilivyokusanywa mtandaoni bila wachoraji kuombwa ruhusa. Sitachoka kulisema hili: nyuma ya kila picha inayotoka kwa sekunde chache kuna kazi za watu waliojifunza kuchora kwa miaka. Februari 2025, Christie's ilipoandaa mnada wa kazi za akili mnemba pekee, maelfu walitia saini barua ya kutaka usitishwe kwa sababu hiyo. Mnada uliendelea, ukaingiza dola 728,784.

Sheria nayo imeleta fundo la ajabu. Mwaka 2022 Jason Allen alishinda shindano la sanaa huko Colorado kwa picha aliyoitengeneza kwa Midjourney, programu nyingine ya akili mnemba. Alisema aliandika na kurekebisha maelekezo si chini ya mara 624, lakini mwaka uliofuata Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuisajili alivyotaka. Machi 2025 mahakama ya rufaa mjini Washington, katika kesi nyingine, ikasisitiza kuwa mtunzi lazima awe binadamu. Mahakama ya Intaneti ya Beijing, kwa upande wake, ilikuwa imeamua Novemba 2023 kwamba aliyetunga maelekezo kwa ubunifu wake anaweza kulindwa. Kwa hiyo Marekani unaweza kumiliki tokeni ya picha ambayo kisheria haina mwenye hakimiliki.

Picha zikishakuwa nyingi kama mchanga, mkusanyaji huanza kuuliza zilivyotengenezwa. Tyler Hobbs aliandika programu yake mwenyewe, Fidenza, mwaka 2021. Mnunuzi alipolipa, papo hapo programu ilizalisha mojawapo ya picha 999, ambayo hata Hobbs hakuwa ameiona kabla. Refik Anadol aliifunza mashine yake kwa kumbukumbu za kazi zilizomo katika jumba la makumbusho la MoMA, New York, ambako ilionyeshwa kuanzia Novemba 2022. Hapo angalau unajua malighafi ilitoka wapi.

Daftari halikujibu swali la nani alichora. Linajua nani aliandikisha na nani alinunua, basi. Januari 2022 soko la OpenSea lilikiri kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyoandikishwa kwa zana yake ya bure vilikuwa vya wizi, bandia au takataka. Ndiyo maana jitihada sasa zinaelekezwa mwanzoni mwa safari: Oktoba 2023 Leica ilitoa kamera ya M11-P, inayotia saini ya kidijitali ndani ya picha wakati uleule inapopigwa, pamoja na tarehe na aina ya kamera, ili mabadiliko ya baadaye yaweze kufuatiliwa.