Wastani wa Kikosi Haufungi Mabao

Kila msimu mpya wa ligi ya kuigiza, yaani ligi ya mpira wa miguu ambayo mechi zake huchezeshwa na kompyuta, huja na lalamiko lile lile: "Kikosi changu kina 78, chake kina 75, halafu nimepigwa mbili bila. Mchezo huu umechakachuliwa." Mimi ni mtu wa takwimu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupanga alama za wachezaji na kukagua kama injini, yaani programu inayochezesha mechi, inazitumia ipasavyo, kwa hiyo malalamiko haya hunifikia. Jibu fupi ni kwamba ile 78, yaani wastani wa alama za kikosi, injini haikuiona kabisa. Hiyo ni namba ya kupamba ukurasa wa timu. Jibu refu linataka hesabu kidogo.

Tuanze na kile ambacho wastani unafanya. Unachukua wachezaji kumi na mmoja, unajumlisha alama zao, unagawanya kwa kumi na moja. Kipa anapewa uzito sawa na winga wa kushoto. Halafu unaweka wastani wa timu moja mbele ya wastani wa nyingine, kana kwamba beki wa kulia wako atapambana na beki wa kulia wao. Hawatapambana. Beki wa kulia wako atakutana na winga wao wa kushoto, na viungo wako watagombania mpira na viungo wao. Namba tisa wako ana kazi na mabeki wa kati wawili, na akiwapita anamkuta kipa. Alama hukutana kwa jozi, na jozi zenyewe ni za safu tofauti: ushambuliaji wako dhidi ya ulinzi wao, ushambuliaji wao dhidi ya ulinzi wako, kiungo dhidi ya kiungo.

Wachezaji wa Hattrick, mchezo wa mtandaoni ulioanzia Uswidi mwaka 1997, wanalijua hili tangu zamani. Kule timu haipewi namba moja bali saba: kiungo, ulinzi wa kulia, kati na kushoto, na ushambuliaji wa kulia, kati na kushoto. Mashabiki walipotaka namba moja ya kulinganishia wakatunga kipimo chao, HatStats, ambacho huzidisha alama ya kiungo kwa tatu kisha kujumlisha zile sita nyingine. Kwa nini tatu? Kwa sababu ulinzi una namba tatu, ushambuliaji una tatu, na kiungo kina moja tu. Bila kuizidisha, safu nzima inayoamua nani apate nafasi za kufunga ingemezwa. Ni kipimo cha mkono, hakina ufundi mkubwa, lakini waliokitunga walijua kwamba safu hazina uzito mmoja.

Mimi sipendi hata kuishia kwenye namba moja. Ninachotaka ni mabao yanayotarajiwa: timu hii, ikicheza na ile, kwa wastani itafunga mangapi? Mwaka 1982 mtakwimu Maher alionyesha njia ambayo bado inafaa: ipe kila timu nguvu ya kushambulia na nguvu ya kulinda, na mabao ya timu moja yatokane na ushambuliaji wake ukipimwa dhidi ya ulinzi wa mpinzani. Yeye alizipata nguvu hizo kutokana na matokeo ya mechi. Sisi tuna anasa ya kuzikuta zimeshaandikwa kwenye alama za wachezaji. Kilichobaki ni kujua alama moja ina thamani gani.

Hebu tuchukue injini ya mfano. Timu mbili zinazolingana kila safu zinafunga mabao 1.35 kila moja, yaani 2.7 kwa mechi, kiasi cha kawaida katika ligi kubwa. Kila alama ambayo ushambuliaji wako umeuzidi ulinzi wa mpinzani inaongeza mabao yako kwa asilimia 4. Kila alama ambayo kiungo chako kimekizidi chao inaongeza asilimia 2, na inawapunguzia wao kiasi kama hicho. Ukipungukiwa, hesabu inarudi nyuma kwa mwendo ule ule. Mabao yanazidishwa, hayajumlishwi. Ukijumlisha, timu dhaifu sana itaishia kutarajiwa kufunga mabao chini ya sifuri.

Sasa timu mbili. Ya kwanza ina wachezaji kumi na mmoja wote wenye 75. Ya pili ina wachezaji kumi wa uwanjani wenye 77 na kipa wa 55. Piga hesabu: wastani wa zote mbili ni 75 kamili. Nani apewe nafasi?

Inategemea kipa anabeba sehemu gani ya ulinzi. Tuseme theluthi. Ulinzi wa timu ya pili unashuka hadi karibu 69.7, na mechi inakuwa mabao 1.6 kwa 1.5, timu ya kwanza mbele kwa unywele. Mpe kipa nusu ya uzito wa ulinzi na inakuwa karibu 1.85 kwa 1.5, sasa yule kipa wa 55 ni balaa. Mpe sehemu moja ya tano tu, na mambo yanageuka: timu ya pili ndiyo inayotarajiwa kufunga zaidi, 1.5 kwa 1.4, kwa sababu zile alama mbili za ziada katika kila safu zinafidia udhaifu wa golini na chenji inabaki. Wachezaji ni wale wale, wastani haujasogea, lakini jibu limekuja la aina tatu. Ndiyo maana mtu akiniuliza ni timu ipi bora bila kuniambia injini ipi, huwa sijibu.

Uzito huo utaujuaje? Hapa ndipo ligi ya kuigiza inapoipita ile ya nyasi. Mechi ya kweli huchezwa mara moja, na anayetaka kujua ingekuwaje kama kipa angekuwa mwingine atabaki kubishana. Injini unaweza kuirudisha mwanzo. Tengeneza timu mbili pacha, alama zote sawa, uwanja usio wa yeyote. Mwongeze kipa wa timu moja alama 10, usiguse kingine, chezesha mechi 1,000. Mrudishe alipokuwa, mwongeze mshambuliaji 10, chezesha tena 1,000. Halafu kiungo mkabaji. Halafu beki wa pembeni, ambaye katika injini nyingi nilizokagua hana thamani inayolingana na bei anayouzwa.

Kuhusu idadi ya mechi sina mzaha. Watu huchezesha mechi mia moja na kutangaza ugunduzi. Katika mechi 100, kiwango cha ushindi cha timu yenye nafasi ya nusu kwa nusu huyumba kwa takriban asilimia 5 juu au chini kwa bahati tu, na kuyumba zaidi ya hapo si ajabu. Ukiona kipa mpya amekupandisha kutoka asilimia 37 hadi 40, hujaona kitu. Kwa mechi 1,000 myumbo unashuka hadi karibu 1.6. Ukitaka kuupunguza kwa nusu unahitaji mechi mara nne, si mara mbili. Usiku mmoja wa kompyuta unatosha kabisa.

Kabla sijasahau: usilinganishe alama za mchezo mmoja na za mwingine, wala usidhani alama tatu ni alama tatu kila mahali. Mchezo wa kompyuta wa Football Manager humpa mchezaji sifa zake kwa kipimo cha 1 hadi 20, na nyuma ya pazia kuna uwezo wa jumla unaofika 200. Michezo mingine hutumia kipimo kinachoishia 99. Lililo muhimu ni mtawanyiko ndani ya ligi yako. Kama timu zote ziko kati ya 74 na 79, pengo la 3 ni kubwa. Kama zimetapakaa kuanzia 50 hadi 90, pengo hilo halisemi mengi. Mimi hutoa wastani wa ligi kwenye alama ya kila safu, kisha hugawanya kwa mtawanyiko wa ligi, ndipo nianze kulinganisha. Na alama iwe ya nafasi anayocheza. Kiungo mshambuliaji wa 82 aliyepangwa beki wa kushoto si 82 tena, hata kama ukurasa wa timu unaendelea kumwandika hivyo.

Turudi kwa mlalamikaji wetu wa 78 kwa 75. Tumpe hali nzuri kuliko zote: amemzidi mwenzake alama tatu katika kila safu, hakuna shimo popote. Kwa injini yetu ya mfano anatarajiwa kufunga 1.6 na kufungwa 1.1. Nusu bao mbele. Anaona kama ushindi uko mfukoni.

Mabao katika mechi hufuata kwa karibu mgawanyo wa Poisson, kanuni inayokupa uwezekano wa kila idadi ya mabao ukishajua wastani wake, iliyopewa jina la mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson. Ukiitumia kwenye 1.6 na 1.1 unapata hivi: anashinda asilimia 49, sare asilimia 25, anafungwa asilimia 26. Timu iliyo bora kila idara inapoteza zaidi ya mechi moja kati ya nne, na haishindi zaidi ya nusu. Hakuna aliyechakachua. Mpira wa miguu una mabao machache, na penye mabao machache bahati hupata nafasi kubwa ya kusema. Watakwimu Dixon na Coles mwaka 1997 walirekebisha hesabu hii kwa matokeo madogo, yaani 0–0, 1–0, 0–1 na 1–1, kwa sababu Poisson mbili zilizo huru, yaani kila timu ikihesabiwa peke yake, haziyapatii vizuri. Kama injini yako inatoa suluhu nyingi kuliko hesabu inavyosema, anzia hapo.

Msimu je? Mchezeshe huyu mechi 38 dhidi ya wapinzani wa kiwango kile kile cha 75. Anatarajiwa kupata pointi 65. Lakini mkengeuko wa kawaida, yaani kiasi ambacho bahati huyumbisha matokeo juu au chini ya wastani, ni kama pointi 8, maana yake kumaliza na 57 au 73 ni mambo ya kawaida, bila mchezaji yeyote kupanda wala kushuka alama hata moja. Katika msimamo wa ligi nyingi, umbali huo ni tofauti ya kugombea ubingwa na kuwa katikati ya jedwali. Ukimfukuza kocha kwa pointi 8, umemfukuza kwa sababu ya kete.

Kuna jambo hapa ambalo wamiliki wa timu ndogo hawalitumii vya kutosha. Chukua uwiano ule ule wa nguvu, lakini mechi iwe ya mabao machache: badala ya 1.6 kwa 1.1, iwe 1.0 kwa 0.7. Timu kubwa sasa inashinda asilimia 42, sare zinapanda hadi 33, na inafungwa 25. Timu ndogo haijawa bora, imekausha mabao tu, na timu kubwa imeshuka kutoka wastani wa pointi 1.7 kwa mechi hadi 1.6. Kila ushindi wa timu kubwa unaogeuka sare unaipotezea pointi mbili: moja inakwenda kwa timu ndogo, nyingine inapotea kabisa. Ndiyo sababu timu mbili zenye jumla moja ya alama, moja ikiwa imeziweka mbele na nyingine nyuma, hazina msimu mmoja. Ukiwa dhaifu, alama zako ziweke kwa mabeki na kipa. Ukiwa na nguvu, fungua mechi, kwa sababu kila bao linaloongezeka uwanjani hupunguza nguvu ya bahati.

Alama za wachezaji zina udhaifu wake: ni maoni ya aliyezipanga, nikiwamo mimi. Kwa hiyo nyuma ya kila ligi ninayoikagua huwa naendesha pia kipimo cha Elo, kinachosoma matokeo tu. Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, alikitunga kwa ajili ya sataranji, na shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, lilikichukua mwaka 1970. FIFA ilianza kukitumia kwa timu za wanawake mwaka 2003, na kwa wanaume Agosti 2018. Kanuni ya msingi inasema aliyezidi kwa alama 200 anatarajiwa kuvuna asilimia 76, ushindi ukihesabiwa moja na sare nusu. Kwa timu za wanaume FIFA imeinyoosha kwa kugawanya pengo la alama kwa 600 badala ya 400, hivyo pengo hilo hilo la 200 huko ni asilimia 68 tu. Tena kwa wanaume FIFA haihesabu faida ya uwanja wa nyumbani. Ligi ya kuigiza yenye mechi za nyumbani na ugenini lazima iihesabu, la sivyo timu zilizoanza na mechi nyingi nyumbani zitavimba.

Mwanzoni mwa msimu Elo haijui lolote la maana, nami hufuata alama za wachezaji. Mechi zikishafika ishirini hivi, navilinganisha vipimo viwili timu kwa timu. Ikitengana timu moja, naiacha. Mkengeuko wa pointi 8 tumeshauona. Zikitengana timu nne au tano zenye kitu kimoja zinachofanana, kwa mfano zote zina makipa wa hali ya juu na zote ziko chini ya nilipozitarajia, sina sababu ya kuangalia timu tena. Naenda moja kwa moja kwenye uzito wa kipa, natengeneza pacha wawili, naiacha kompyuta icheze mechi zake 1,000.