"Lakini Mama Yake Aliridhia"

Kila mkutano wa kijiji kuhusu mabinti wanaopelekwa mjini kufanya kazi za ndani, kuanzia Mufindi hadi Rungwe, hoja ni hiyohiyo: mama yake aliridhia, na binti mwenyewe alitaka kwenda, sasa kosa liko wapi? Kosa liko palepale. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haimpi mzazi mamlaka hayo. Aliye chini ya miaka 18 akichukuliwa ili akatumikishwe, ridhaa yake wala ya mzazi si utetezi mahakamani. Wala si lazima avushwe mpaka, Tunduma au Kasumulu. Makambako hadi Dar es Salaam inatosha.

Zinazonikera zaidi ni semina za shuleni zenye picha za minyororo. Binti wa darasa la saba akiziona anajua hayo hayamhusu. Anayemjia ni shangazi, au jirani aliyerudi kapendeza, na huja baada ya mtihani wa Septemba, watoto wakiwa nyumbani wanasubiri Januari. Elimu itolewe Agosti basi! Waigize simu: mmoja awe bosi, mwingine aulize mshahara ni shilingi ngapi, tarehe ngapi, mkononi mwa nani. Jibu la kuogopa kuliko yote ni "nitakutunzia, utachukua ukirudi kwenu." Hapo ndipo nauli, nguo na sahani iliyovunjika huanza kukatwa, hadi Krismasi inafika binti ndiye anayedaiwa.

Si kila msichana wa kazi ni mhanga, jamani. Mtu mzima anayelipwa mkononi, anayepumzika na kuondoka akitaka, huyo ameajiriwa. Hata hivyo, kabla hajapanda basi stendi ya Igumbilo, Iringa, au Nane Nane, Mbeya, jina kamili la mwajiri, mtaa wake na namba ya mwenyekiti wa mtaa huo viandikwe kwenye daftari la mtendaji, na namba ipigwe palepale binti akisikia. Daftari lisilopigiwa simu halimlindi mtu. Namba moja ya nyumbani aikariri, maana simu hunyang'anywa mapema.

Kamati ya kijiji kuwashusha mabinti kwenye mabasi, hapo nina mashaka. Akirudishwa nyumba ileile yenye deni lilelile, dalali wa wasichana wa kazi humfuata tena, safari hii usiku, kwa lori. Kamati isiyofika kwa mzazi kuuliza anadaiwa nini imefanya nusu ya kazi. Lakini ukimkuta mtoto safarini na mtu asiyejua hata jina la baba wa mtoto huyo, usisubiri kamati: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi kilicho karibu.