Vitufe vya uhariri vinavyofanya kazi katika kila programu

Nilikuwa nyumbani Umoja nikijaza fomu ndefu ya zabuni ndani ya kivinjari, nikabonyeza Control na W ili kufuta neno nililolikosea. Badala ya neno kufutika, kichupo kizima kilifungwa, na maelezo ya karibu saa nzima yakapotea nacho. Vidole vyangu vilikuwa vimefuata mazoea ya bash, programu ya kuandikia amri katika terminali (dirisha la amri), ambako vitufe hivyo hufuta neno lililotangulia, na ambako Control na A hupeleka kielekezi mwanzo wa mstari na Control na E mwisho wake, mtindo wa hizi mbili ukiwa umerithiwa kutoka Emacs, kihariri cha maandishi cha zamani.

Wanaotumia macOS hawasumbuki hivyo. Amri za programu huko hukaa kwenye kitufe cha Command, kwa hiyo Control imebaki huru kwa uhariri, na visanduku vingi vya maandishi huelewa Control na A bila kusanidiwa. Katika Linux na Windows, amri na uhariri hugombania kitufe kimoja. GTK 3, zana ya kuundia madirisha ya programu za Linux, iliruhusu mtumiaji kuchagua mtindo wa Emacs, lakini programu zilizoundwa kwa Qt, zana nyingine ya aina hiyo, hazikuufuata, na GTK 4 iliuondoa.

Kwa maoni yangu, kusanidi kila programu peke yake ni kazi isiyokwisha. Mimi natumia keyd, programu ya Linux inayosoma kibodi kabla ya dirisha lolote kupata herufi. Katika faili ya /etc/keyd/default.conf nimeigeuza Caps Lock kuwa kitufe cha kushikilia: nikiishikilia na kubonyeza A, kompyuta hupokea Home, E huwa End, B, F, P na N huwa mishale minne, na W huwa Control na Backspace. Jambo la msingi ni kwamba kivinjari, LibreOffice na programu ya barua pepe hazihitaji kujua chochote kuhusu Emacs, kwa kuwa zinachopokea ni vitufe ambavyo zimevielewa tangu zamani. Control yenyewe sikuigusa, kwa hiyo Control na C bado hunakili.

Kasoro moja imebaki. Katika terminali yangu, Control na Backspace hufuta herufi moja tu, kwa hiyo humo naendelea kutumia Control na W ya asili.